Malori Yanapita, Sera Zinapita, Sisi Tunabaki na Vumbi

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Mwaka 2023 nilipanda basi nikaenda Kigali. Nilikuwa nimeweka akiba miezi kadhaa. Nilienda na simu, tripodi ya kukopa na kitambulisho. Ndiyo, kitambulisho tu: tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu bila pasipoti. Nilikaa siku nne. Nilirekodi barabara safi, mabasi ya kulipia kwa kadi, na wasee wa moto, ndio boda zao, kila mmoja na helmeti mbili, yake na ya abiria. Nikarudi Webuye nikaweka video yenye kichwa "Kigali wako 2050, sisi tuko 1950". Wiki hiyo mlinipenda sana. Sijawahi kupata watazamaji kama wale tena.

Halafu mathe akaiona.

Mathe anauza omena na mboga za kienyeji kwenye soko la mji mmoja hapa magharibi. Sitautaja, na msibahatishe. Aliitazama video mpaka mwisho, akanirudishia simu, akauliza swali moja: "Huko, mama anayeuza kama mimi, sistimu ikianguka analipa ushuru vipi?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Wiki mbili kabla ya hapo soko lao lilikuwa limehamia malipo ya simu pekee. Hakuna kupokea pesa mkononi, tukaambiwa ndiyo maendeleo. Asubuhi moja mtandao ukagoma. Mathe akajaribu mara tatu, meseji ya kuthibitisha haikuja. Saa nne wakaja askari wa soko wanataka kuona meseji. Hakuna meseji, hakuna kuuza. Aliwanyooshea noti, wakasema pesa taslimu imekatazwa. Wakabeba karai lake la omena. Jioni alipoenda kulikomboa, faini ilikuwa inazidi faida yake ya siku tatu, na omena ilikuwa imenyeshewa.

Sikuwa na jibu. Siku nne nzima Kigali, na sikuongea na mama mboga hata mmoja. Nilikuwa bize na mabasi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia hili jambo: hizi sera za miji zinatoka wapi, zinasafiri vipi kutoka nchi moja hadi jirani, na kwa nini zikifika kwetu zinakuwa kama nguo ya mtumba ambayo hukujaribu kabla ya kununua. Naandika leo kwa sababu Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, na hayo maneno ya "mji janja" yatateremka hii barabara mpaka kwetu. Afadhali yatukute tukiwa macho.

Kwanza jina lenyewe. Kile Wazungu wanaita smart city, wengine kwa Kiswahili wanaita mji mahiri, wengine mji janja. Mimi nimechagua la pili kwa sababu ni la ukweli zaidi. Ukisema neno "janja" hapa steji ya Webuye, kila mtu anashika mfuko wake. Hiyo tahadhari ni nzuri. Tusiiache.

Sasa, zinasafiri vipi? Nimeona njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya wakubwa. Oktoba 2013 marais wa nchi saba walikutana Kigali wakaanzisha Smart Africa. Kenya, Uganda na Rwanda zote zilikuwemo, pamoja na Sudan Kusini, Mali, Gabon na Burkina Faso. Leo wanachama ni zaidi ya 30. Kila nchi huchukua jambo moja la kuongoza, na Rwanda ilichukua miji janja. Mkutano wao wa 2017 kule Kigali ulihusu miji hiyo tu. Mwaka 2019 Kenya ilipokuwa na mpango wake wa uchumi wa kidijitali, Uhuru Kenyatta aliuzindua huko huko Kigali. Soma hiyo tena. Mpango wa Kenya ulizinduliwa mbele ya majirani kabla mathe hajausikia sokoni.

Njia ya pili ni ya wauzaji. Baada ya shambulio la Westgate la 2013, serikali yetu iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi wenye kamera kama 1,800 Nairobi na Mombasa, na vifaa vikatoka Huawei. Uganda nayo, baada ya afisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa Machi 2017, ikaagiza kamera za Kampala kutoka Huawei hao hao, kwa dola milioni 126. Hapo si lazima serikali moja ifundishe nyingine. Muuzaji ni mmoja, anatembea na katalogi, na kila nchi ikipatwa na msiba anabisha hodi.

Na angalia mpangilio wa tarehe. Kamera zetu zilianza kufungwa 2014 na 2015. Sheria ya kulinda data ya Kenya ilikuja Novemba 2019. Uganda iliitunga Februari mwaka huo huo, wakati kamera tayari zilikuwa juu ya nguzo. Yaani chombo kilivuka mpaka haraka, na sheria ya kukidhibiti ikaja nyuma kwa miguu. Kampala, baada ya maandamano ya Novemba 2020, polisi wenyewe walisema walitumia kamera hizo kuwatambua watu waliowakamata. Sisi tulioingia barabarani Juni 2024 hatuhitaji kuelezewa kwa nini swali la nani anaangalia kamera ni swali la maisha.

Njia ya tatu ndiyo yetu: barabara. Webuye iko kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi na Eldoret hadi Malaba, na ya kwenda Kitale inakatia hapa. Kila siku malori yanapita yakielekea Kampala, Kigali, Juba, Bunia. Madereva wanakunywa chai, wanalalamika, wanasimulia. Mimi nilisikia juu ya helmeti mbili za Kigali kwa dereva wa lori, miaka kadhaa kabla ya kuziona.

Na njia hii ya tatu msiidharau, kwa sababu ndiyo iliyotupa boda boda. Ilianza mpakani Busia miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakibeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Border hadi border, ikawa boda boda. Hakukuwa na rais, mkutano wala ufadhili. Leo iko kila mji wa Afrika Mashariki. Kampala wakaichukua, wakaiwekea programu ya simu, SafeBoda, 2014. Programu hiyo ikavuka ikaja Nairobi 2018, na mwisho wa 2020 ikafunga kazi Kenya. Wazo lilitoka kwetu mpakani, likaenda mjini kwa jirani, likarudi limevaa suti, likashindwa kukaa. Hiyo safari peke yake inafundisha kitu.

Kinachofundishwa ni hiki: kinachosafiri kwa urahisi ni kile kinachoonekana kwenye picha. Kinachokifanya kifanye kazi hakipigwi picha, kwa hivyo kinabaki nyuma.

Chukua yale mabasi ya kadi niliyorekodi. Kenya ilijaribu kabla ya Rwanda. Mwaka 2013 Google na Benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay kwenye matatu za Nairobi. Serikali ikaweka 1 Julai 2014 kuwa siku ya mwisho ya matatu kupokea pesa taslimu. Tarehe ikapita, ikasogezwa, ikasahaulika. BebaPay ikafungwa 2015. Mwisho wa mwaka huo huo Kigali wakaanza kadi zao za Tap&Go, na zikashika.

Mtu atasema ni nidhamu. Hata mimi nilisema hivyo kwenye video. Lakini angalia kilichotangulia. Mwaka 2013 Kigali iligawa njia zote za mabasi kwa makampuni matatu yenye mkataba na jiji. Dereva akawa na mwajiri. Kwetu, makanga anaishi kwa zile noti anazoshika. Humo ndimo mna chakula chake, mgao wa dereva, wa msee wa steji, na ule mwingine wa barabarani ambao sote tunaujua. Ukimletea kadi bila kugusa hayo, umemwambia alale njaa kwa njia ya kisasa. Angekubali aje? Halafu cha kuchekesha, leo ukipanda matatu kutoka Webuye kwenda Bungoma unaweza kumtumia makanga nauli kwa M-Pesa, na hakuna mtu aliyetuamuru. Ilipomfaa, alikubali.

Au chukua siku ya kutembea bila magari. Kigali ilianza 2016, barabara zinafungwa watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Nairobi ikatangaza mwanzoni mwa 2019 kwamba katikati ya jiji hakutakuwa na magari Jumatano na Jumamosi. Kigali walichagua siku ambayo watu wako nyumbani. Nairobi walichagua Jumatano! Mpango ukawekwa kando kabla haujaanza vizuri. Au ile laini nyekundu iliyopakwa Thika Road mwaka 2018 kwa ajili ya mabasi ya kasi. Dar es Salaam walikuwa wameanza yao Mei 2016, wakiiga mfano wa Bogotá, na wao walijenga njia yenyewe, kama kilomita 21, na vituo, na mabasi yakanunuliwa. Nairobi ilinunua rangi.

Sasa sikiza, sisemi Kigali ni pepo. Hiyo ndiyo ilikuwa kosa la video yangu. Ule usafi una gharama ambayo sikuirekodi. Human Rights Watch wameandika mara kadhaa kuhusu kituo cha Gikondo, ambako wachuuzi wa barabarani na watoto wa mitaani wamekuwa wakifungiwa bila kufikishwa mahakamani. Jiji pia lilijenga masoko madogo ya wachuuzi, na hilo ni jema, lakini ukweli ni wote mawili. Wale wa moto nao: Januari 2022 waligoma katikati ya Kigali kwa sababu ya mita za kulipia walizolazimishwa kutumia na makato yake. Kumbe hata mwalimu ana wanafunzi wanaolalamika. Ujumbe wa benchimaki unaoenda siku tatu na kulala hotelini hauwezi kuona hayo. Mimi pia sikuyaona, na nililala gesti ya bei rahisi.

Swali la mathe ndilo lilikuwa utafiti wa kweli: kikianguka, nani anaumia?

Kuna jambo lingine ambalo nadhani watu wa Webuye tunaweza kulieleza kuliko watu wa Nairobi. Sera ikivuka nusu, inavuja.

Juala. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2008. Pale mpaka wa Gatuna nilifunguliwa begi, na juala niliyofungia viatu ikabaki hapo, viatu vikaingia Rwanda uchi. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu kali: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au jela hadi miaka minne. Tanzania ikafuata 1 Juni 2019. Hapo unaona sera ikisambaa kwa majirani vizuri kabisa, moja baada ya nyingine. Lakini katikati yetu na Rwanda kuna Uganda. Wao walikataza kwenye karatasi tangu 2009, ila utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Matokeo? Juala inavuka Malaba na Busia usiku, inashuka barabara hii hii, na ukienda soko nyingi za huku utaulizwa kwa sauti ya chini kama unataka ya kubebea. Mama anayeshikwa nazo anaweza kukabiliwa na faini ambayo hata akiuza kibanda na mlango hawezi kulipa. Kiwanda kilichoitengeneza kiko nchi nyingine, hakina habari.

Linganisha na lori. Muulize dereva yeyote aliyesimama hapa akuonyeshe ile sili ya kielektroniki kwenye kontena. Tangu 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya transiti kwa mfumo mmoja. Lori likitoka njia yake au sili ikifunguliwa, wanajua. Hiyo haikuwa kunakili. Nchi tatu zilikaa chini zikajenga kitu kimoja, kwa sababu zilijua mzigo hauheshimu mpaka. Kwa hivyo tunaweza. Tunaweza sana, kukiwa na ushuru wa kukusanywa. Juala inayoziba mtaro wa soko la mathe bado haijapata sili yake.

Khocha wangu ni msee wa boda, miaka kumi na tatu steji moja. Nilimuuliza kwa nini hawezi kubeba helmeti ya pili kama wa Kigali. Akacheka. "Omwana wefwe, nikikataa kubeba watatu, mwenzangu hapo anawabeba. Mimi nitakuwa janja nikiwa na njaa?" Nikamwambia ni sheria hata Kenya, abiria avae helmeti. Akasema, "Najua. Sheria iko. Wenye kuisimamia wanataka mia moja, hawataki helmeti." Khocha hajasoma sera za miji, lakini amemaliza hoja yangu kwa sentensi mbili. Sheria tulishanakili. Kile hatukunakili ni mazingira ambayo msee mmoja anaweza kuifuata bila kulala njaa.

Kuna wale watakaosema, wewe unapinga maendeleo. Hapana. Mimi ni mtoto wa Webuye, najua mji ukikosa maendeleo unakuwaje. Hapa tulikuwa na Panpaper, kiwanda kilichoundwa 1969 na serikali, shirika la fedha la Benki ya Dunia na kampuni ya karatasi kutoka India. Wazee wanasimulia harufu yake kama vile ni harufu ya mshahara. Kilipofungwa 2009 mji mzima ulikaa chini. Kilipata mwenyewe mpya 2016, lakini Webuye ile ya hadithi haijarudi. Kwa hivyo tulishakuwa mji janja wa wakati wetu: mpango mkubwa kutoka nje, mashine kutoka nje, mji wote umeegemea kitu kimoja. Hatukuulizwa kikianguka itakuwaje. Kikaanguka.

Ndiyo maana sitaki tuulize tu kama mfumo ni wa kisasa. Kaunti yoyote ikija na mradi wa mji janja, iwe ni malipo ya simu, kamera au taa, mimi nataka maswali matatu yajibiwe sokoni, kwa lugha ya sokoni, kabla ya mkataba kutiwa saini. Moja, sistimu ikianguka, mama aliye na pesa mkononi anapewa risiti gani? Mbili, namba zetu na sura zetu zinakaa kwa nani, na tukitaka zifutwe tunaenda mlango gani? Tatu, jirani yetu wa Malaba na ng'ambo ya Malaba anafanya nini kuhusu jambo hilo hilo, na mmekaa naye?

Na kama ni lazima waende benchimaki Kigali, sawa, waende. Lakini wachukue mathe mmoja na msee mmoja wa boda kwenye huo msafara. Viti vya ndege vipo. Wao ndio wanajua cha kuuliza.

Soko la mathe, mwishowe, waliongeza kijana mwenye kitabu cha risiti za mkono kwa siku ambazo mtandao umelala. Akina mama walienda ofisini mara tatu kudai hilo, wakakaa kwenye veranda mpaka wakasikizwa. Haikutoka kwenye mkutano wowote wa marais. Hakuna atakayeipiga picha pia, ni kitabu tu na peni imefungwa na uzi. Lakini tangu kije, hakuna karai lililobebwa.

Ile video ya Kigali bado iko. Sijaifuta, kwa sababu mabasi yale ni mazuri kweli. Nimeongeza tu maneno chini yake: "Sikuuliza mama mboga. Nikirudi, nitaanza na yeye."

Kama wewe uko Kigali, Kampala, Mwanza au Goma na unasoma hii, nisaidie kabla sijapata nauli: huko kwenu, sistimu ikianguka, mathe analipa vipi?